Jibu la Yokasta kwa Baba Yake

Yokasta ndiye aliyeipitisha sheria, na sheria ni msumeno. Alikuwa mhasibu jijini Santo Domingo, na baba yake, Don Fremio, kinyozi mstaafu aliyebaki mjini Barahona, alikuwa akimmwagia kila kitu kwenye meseji: paka kazaa, padri kahamishwa, jirani kagombana na mkewe.

"Baba, kwenye meseji tubaki na baraka tu," alimwambia. "Jambo zito niandikie barua pepe, nilisome nimetulia."

"Haya, bosi," mzee akajibu, akacheka.

Akatii, tena kwa kupitiliza. Kila asubuhi binti aliandika, "Baraka, baba," maana kwao mtoto haanzi siku bila kuomba baraka ya mzazi. Naye hujibu, "Mungu akubariki, binti yangu." Yokasta humalizia kwa picha ya moyo mwekundu, kisha huyo, kazini. Hali hakuiulizia. Anayetoa baraka, alijiambia, ni mzima.

Jambo zito lilipokuja, mzee aliandika barua pepe kama alivyofundishwa. Alikuwa na uvimbe tumboni, angepasuliwa Alhamisi, alitamani sana bintiye awepo, lakini kama kazi imembana, asijali. Barua ikatua katikati ya ankara za wateja na matangazo ya viatu, na Yokasta hakuifungua. Alikuwa akifunga hesabu za mwaka. Ubize nao ni ulevi, ila mlevi wake husifiwa.

Alhamisi baraka ilijibiwa upesi kuliko kawaida. Yokasta akatuma moyo wake, akaingia kikaoni. Jioni shangazi Nurys, dada wa mzee, akampigia simu akilia. Fremio hakuzinduka.

Kesho yake, msibani, shangazi alimvuta jikoni walikokuwa wakichemsha kahawa ya waombolezaji.

"Sikulaumu, mwanangu. Alituonyesha jibu lako kwa ile barua pepe yake, kabla hawajamwingiza kupasuliwa."

"Jibu gani, shangazi?"

"Si ule moyo uliomtumia? Akasema, 'Kashanisoma huyu, kazi imembana. Msimpigie, mtamtia wasiwasi bure.' Mimi nikashika simu nipige. Akaninyang'anya."

Yokasta akaegemea ukuta. Alitaka kusema kwamba hakuisoma ile barua, kwamba angeisoma angekuja hata kwa miguu. Maneno yakamfika mdomoni, akayameza, kwa sababu udhuru huo ulikuwa mchungu kuliko kosa alilodhaniwa. Afadhali baba angekufa amemkasirikia. Alikufa amemwelewa, amemsamehe jambo ambalo hakulitenda, na lile alilolitenda hakupata kulijua.

"Chukua trei, mwanangu," shangazi akasema. "Watu wanasubiri."

Akaibeba hadi ukumbini, akawapitishia kahawa mmoja mmoja, akipokea pole za watu waliojua kwamba aliitwa na hakuja.