Kumi na Tatu Nukta Nane Saba

Mukbil alikuwa na alama yake. Kila kibao alichokitengeneza, akishamaliza kukipanga, alikidondoshea tone moja la rangi ya kucha juu ya kile kiskrubu cha shaba, halafu akalivuta tone kwa ncha ya kijiti cha kiberiti mpaka likaota kimkia, kuelekea upande wa chanya. Rangi yenyewe ilikuwa ya mkewe Ibtihali, nyekundu, ya harusi yao. Ibtihali aligomba wee, mwisho akachoka.

Vibao hivyo hakuna paa la mji wa Taizi lisilokuwa navyo, tangu umeme wa serikali ulipokatika ukasahaulika. Ni kidude cha kuingia kiganjani. Huku unaunga waya za paneli ya jua, huku unaunga betri. Jua likiwaka sana, kinaushusha umeme. Jua likififia, au vumbi likitanda, kinaupandisha, ili betri ipate kiasi kilekile siku nzima. Kiasi hicho unakipanga wewe fundi, kwa bisibisi, kwenye kile kiskrubu. Ukizidisha, betri inachemka. Ukipunguza, betri inashinda na njaa. Mafundi wote wa mjini walikuwa wakipanga volti kumi na nne na nusu, na Mukbil aliwaambia kuwa naye ni hivyo hivyo. Mwongo mkubwa! Yeye alipanga kumi na tatu nukta nane saba, kila kibao, na aliyejua hilo ni mkewe peke yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimshikia mita ya kupimia volti.

"Kwa nini nane saba?" Ibtihali alimuuliza mara moja. "Si uweke tisa tumalize, mkono wangu umekufa ganzi!"

"Betri yetu ya kwanza ilikula nane saba, ikaishi miaka saba," Mukbil akasema. "Wewe ukipata mume wa miaka saba asiyechemka, utambadilisha?"

"Nipe kwanza huyo asiyechemka nimwone."

Basi, huyo ndiye Mukbil. Miaka minne iliyopita alitoka Jumatatu asubuhi kwenda ng'ambo ya mstari wa mapigano, kufunga paneli za kisima cha watu. Kizuizi cha kwanza walimwona akipita, mkoba begani. Kizuizi cha pili hakuna aliyemwona. Mkewe na mama yake, Hajja Takiya, walizunguka kila mlango wenye mlinzi na hata usiokuwa na mlinzi, wakarudi na vumbi tu miguuni.

Ibtihali akaishika karakana. Angefanya nini, na mtoto anataka kula? Aliwapangia watu vibao vyao kwa nane saba ile ile, lakini rangi ya kucha hakuigusa tena. Alikuwa akiziba skrubu kwa nta ya mshumaa. Ile chupa aliitia ndani ya sanduku la nguo, akalifunga.

Mwaka wa nne ndipo Ustadhi Abdulwasi, mwalimu wa jiografia, aliyefiwa na mkewe, alipoanza kuleta redio yake itengenezwe. Redio ile haikuwa na ugonjwa wowote. Aliileta Jumamosi, akaileta Jumanne, mara ya tatu Ibtihali akamwambia, "Ustadhi, redio yako ni nzima kuliko mimi na wewe. Sema unalotaka." Mwalimu wa watu akawa mwekundu mpaka masikioni, akalisema. Na Ibtihali, niseme kweli, alifurahi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja na alikuwa amechoka kulala upande mmoja wa godoro akiuachia mtu nafasi. Alimtaka mwalimu yule. Alitaka mtu wa kumuuliza, umekula?

Kadhi alisema sheria ni nyepesi. Miaka minne imetimia. Aje Jumatano ya mwisho wa mwezi, na mtu wa upande wa mume awepo kama shahidi, kisha Ibtihali mwenyewe aweke mkono juu ya msahafu aape kwamba hajapata habari yoyote ya mumewe, ya uhai wala ya mauti. Akishaapa, atakaa eda, kisha yuko huru.

Hajja Takiya aliambiwa. Aliendelea kupasua mkate wa maluji na kuuchovya kwenye pilipili, akimtazama mjukuu wake Afrah, mtoto wa miaka saba mwenye pua ya baba yake. Mama akiolewa, mtoto atahama naye. Hilo halikuhitaji kusemwa.

Wiki haikupita, jirani yao Umm Bashir akaja karakanani na kibao. "Mama Afrah, nimekinunua kwa mchuuzi sokoni. Hebu niungie kwenye betri, wanangu wanataka taa."

Ibtihali alikipokea, akakisogeza kwenye mwanga. Kilikuwa kibao cha aina mpya, chenye kioo kidogo cha kuonyesha umeme unaotoka kwenye paneli, ambacho Mukbil alipotoweka kilikuwa hakijaingia sokoni. Na juu ya skrubu palikuwa na tone jekundu.

"Mchuuzi gani?"

"Mpita njia tu, dada. Sikumtazama."

Mafundi wana adabu zao. Kibao chenye tone la mtu hukipimi mbele ya mteja. Kukipima ni kumwambia fundi mwenzio hujui kazi. Na hilo lilikuwa tone la mumewe! Ibtihali alikifunga kama kilivyo kwenye betri ya Umm Bashir, akarudi nyumbani akajifungia akalia. Siku ya nne muuza mikate naye akaleta chake, kipya vilevile, chenye tone jekundu vilevile. "Nimeuziwa barabarani," akasema, huku akitazama viatu vyake.

Kuanzia hapo Ibtihali hakuwa na raha. Akipita kichochoroni alikuwa akiinua macho kwenye mapaa. Akisikia mtu anakohoa nje ya karakana, alikuwa akiacha bisibisi na kuchungulia. Alianza kumhisi Mukbil nyuma ya bega lake, kimya, akimtazama anavyoshika bisibisi. Mara mbili aligeuka ghafla akasema, "Nini?" Hapakuwa na mtu. Afrah akamuuliza, "Mama, unaongea na nani?" Alimtumia Ustadhi ujumbe: tusubiri kidogo. Mwalimu akajibu kwa neno moja tu, sawa, na neno hilo likamkera zaidi ya matusi.

Hivi mtu yu hai, yumo mjini humu humu, anauza vibao barabarani, na haji kumwona mwanawe? Ibtihali aliogopa, kisha akakasirika, kisha akaona haya kwa kukasirika.

Ijumaa moja mchana Umm Bashir alikuja anakimbia, shela begani. "Wee Mama Afrah! Njoo uone ulichonifanyia! Betri inatoa moshi!"

Ibtihali akapanda ngazi mbili mbili. Betri ilikuwa imevimba ubavu, asidi inachuruzika, harufu ya mayai yaliyooza imejaa paa zima. Alizing'oa waya kwa kitambaa, akakipima kibao peke yake. Mita ikaonyesha kumi na saba na zaidi.

"Mumeo amezeeka huko aliko," Umm Bashir akasema. "Zamani alikuwa hachomi betri za watu."

Ibtihali alizima mita. Alikaa kwenye saruji ya moto, akalikwangua lile tone kwa ukucha. Lilikuwa tone la mviringo tu, limekaa hapo kama kitufe. Halikuwa na kimkia; siku ile aliona wekundu tu, hakutazama zaidi. Na skrubu iliyokuwa chini yake ilikuwa inang'aa, haina hata mkwaruzo mmoja wa bisibisi. Tangu itoke kiwandani haijawahi kuguswa.

"Umm Bashir," akasema taratibu, "hiki kibao alikupa nani?"

Yule mama akaanza kufunga shela yake upya. "Ah, mimi sitaki maneno na watu wazima..."

Hakuhitaji kusema zaidi. Ibtihali alishuka mpaka nyumbani, akamkuta Hajja Takiya anachambua dengu. Aliushika mkono wake wa kulia akaugeuza. Pembeni ya ukucha wa kidole cha shahada, juu ya hina iliyofifia, palikuwa na ukoko mwekundu.

"Viwili tu," Hajja akasema, bila hata kuulizwa. "Wallahi, nilipaka viwili tu. Nilinunua rangi sokoni, nikatafuta inayofanana na ile yako."

"Kwa nini, Hajja? Kwa nini unifanyie hivi?"

"Ukiapa kwa kadhi, mwanangu ndiyo atakuwa amekufa! Sasa hivi hajafa. Sasa hivi hajaja tu."

"Nimekaa wiki tatu naongea na kuta! Afrah ananiona kichaa!"

"Mimi naongea nazo mwaka wa nne," Hajja akasema, na dengu zikamwagika. "Umewahi kuniuliza?"

Hapo hasira ikamwishia Ibtihali, akabaki na uchovu. Aliinama wakaokota dengu pamoja, moja moja. Alipoinuka alijua moyoni kwamba Jumatano ataapa. Na alihisi, Mungu amsamehe, kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani. Hakukuwa na mtu barabarani. Hakukuwa na mtu nyuma ya bega. Alimwandikia Ustadhi: Jumatano, inshallah.

Jumanne akaenda karakanani kusafisha. Kwenye kona palikuwa na gunia aliloletewa na dereva wa lori, Ghalib, tangu mwezi uliopita, limejaa vibao vibovu kutoka ng'ambo ya mstari wa mapigano, vya kung'olewa vipuri. Aliburuta kiti juani, akawa anaunga kimoja kimoja kwenye paneli. Kimekufa. Kimekufa. Hiki kimeungua. Alikuwa hata anaimba kidogo.

Cha sita kikawaka. Kilikuwa cha aina mpya, chenye kioo, lakini kioo kimepasuka, hakionyeshi kitu. Akaweka mita.

Kumi na tatu nukta nane saba.

Akazima mita akaiwasha tena. Akabadilisha betri ya mita. Wingu likapita, umeme wa paneli ukashuka, kibao kikaupandisha. Wingu likaondoka, kikaushusha. Namba haikusogea.

Kwenye skrubu hapakuwa na wekundu wowote. Ndiyo maana alikuwa hajakitupia jicho. Palikuwa na kitu cha kahawia, kigumu, kinachopitisha mwanga. Tone. Na kutoka kwenye tone, kuelekea upande wa chanya, kulikuwa na kimkia.

Alilikwangua kidogo kwa ukucha, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Ilikuwa sukari. Mtu alikuwa ameyeyusha sukari kwenye moto, kwa sababu hakuwa na kingine cha kuzibia.

Alimpigia Ghalib simu. "Lile gunia ulilitoa wapi?"

"Mnada wa vyuma chakavu, dada yangu. Vitu vya kambi, vya magereza, vya hospitali, vyote wanamwaga humo. Kwani kuna tatizo?"

"Kambi ipi? Gereza lipi?"

"Ningejuaje? Hata wenyewe wanaouza hawajui. Vingine vina miezi humo, vingine wenyewe walishakufa."

Ibtihali akakata simu. Jua lilikuwa juu kabisa. Hakulia. Alikasirika, nasema kweli, alikasirika mpaka meno yakauma. "Leo?" akasema kwa sauti, akikiambia kibao kilichokuwa kiganjani. "Miaka minne, Mukbil, na umechagua leo?" Kwa mara ya kwanza tangu mumewe apotee alitamani maiti. Maiti unaiosha, unaisalia, unaizika, unarudi nyumbani. Alikitia kibao kwenye mfuko wa abaya. Hakuna mwingine anayejua, akajiambia. Hajja hajui namba. Ustadhi hajui. Mimi nikinyamaza, basi hakuna habari.

Jumatano walikwenda kwa kadhi. Ustadhi Abdulwasi alikaa kwenye benchi la nje, amevaa koti lake zuri, redio hana. Alimtabasamulia Ibtihali. Hajja Takiya aliingia akajiegemeza ukutani, uso umefunikwa, mabega yameshuka. Alikuwa ameshindwa na alikuwa anajua.

Kadhi akausogeza msahafu. "Weka mkono, binti yangu. Unaapa kwamba tangu siku aliyotoka mpaka leo hujapata habari yoyote ya mumeo, hai wala maiti?"

Ibtihali akaweka mkono. Chini ya ukucha wa kidole cha shahada, ingawa alikuwa amenawa asubuhi mara tatu, bado aliuona ule uchafu wa kahawia. Akafungua mdomo. Alimfikiria mwalimu pale nje. Alifikiria mtu mahali fulani, asiyekuwa hata na rangi, anayepika sukari kwenye kifuniko cha kopo, anaivuta mkia kwa kijiti, asijue kibao kitafika kwa nani.

"Binti?"

"Sitaweza," akasema. Akautoa mkono. "Nina habari yake."

"Ya uhai au ya mauti?"

"Sijui, sheikh. Ni habari tu."

Kadhi akashusha pumzi, akafunga faili. Hiyo, akasema, haimpi mume na haimpi ujane. Arudi nyumbani. Nje, benchi likalia, mtu anasimama.

Na pale ukutani, Hajja Takiya akainua kichwa, akafunua uso, akapiga kigelegele kirefu cha harusi mpaka karani akaja mbio mlangoni. Akamkumbatia mkwewe huku anacheka na kulia, akimwambia, mwanangu yuko hai, Ibtihali, mumeo yuko hai! Ibtihali alisimama mkono mmoja umening'inia, wa pili umekishika kibao ndani ya mfuko. Katika maisha yake yote hakuwahi kuichukia sauti yoyote kama alivyokichukia kigelegele kile.