Paja la Kushoto

Mume wangu alikuwa fundi magari. Kwenye mashindano ya magari alikaa garini na mdogo wake: yeye akiendesha, mdogo mtu akimsomea njia. Siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, barabara ya udongo ikawa uji.

"Shemeji, leo tunaogelea," mdogo mtu aliniambia akifunga helmeti.

"Ogeleeni mrudi."

Mume wangu akacheka. "Mwache huyo, mama watoto. Hata beseni linamtisha."

Gari lao lilikuwa kuukuu, paa linavuja. Vifaa vya mawasiliano vikiloa, hawakusikiana kwa kelele za injini. Basi walijizoesha ishara yao: kofi kwenye paja la kushoto la dereva, kata kushoto; la kulia, kata kulia. Wenzao waliwatania kwamba wanaswagana kama punda. Lakini siku hiyo, wenzao walipokwama kwenye tope, wao waliwapita mmoja mmoja.

Nilisimama na mama mkwe chini ya turubai, karibu na mstari wa mwisho. Tukaliona gari likitokeza, la kwanza, peke yake, njia imenyooka mbele yake. Mama akaanza kushangilia. Ghafla likakata kushoto, likaruka mtaro, likabingirika.

Mume wangu alifia palepale. Mdogo wake alitoka na mkono uliovunjika.

Jioni baada ya maziko alinifuata jikoni, nikiosha vikombe. Hakunitazama.

"Shemeji, niliona bendera ya mwisho. Furaha ikanizidi, nikampiga paja kumpongeza tu. La kushoto ndilo lililokuwa karibu nami."

Nikakisuuza kikombe kilekile mara ya pili.

"Mama anauliza kwa nini alikata kona pasipo na kona. Akijua, sina mama tena."

Nilitaka kumchukia. Nilijaribu kweli. Lakini alisimama mlangoni na mabega yaleyale ya kaka yake.

Mama mkwe akaingia. "Mnanong'ona nini? Niambieni jamani, mwanangu alipatwa na nini pale?"

Shemeji akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Utelezi, mama. Ni mvua tu."

Mama akanitazama, kisha akamsogelea mwanawe aliyebaki, akaanza kumkazia kitambaa kilichobeba mkono wake. Shemeji akaangua kilio.

"Nyamaza, baba," mama akamwambia. "Wewe hukufanya kosa lolote."

Nikawageuzia mgongo, nikafungulia bomba maji yatoke kwa nguvu.