Hatua Saba Hadi Mezani

Daktari wa bima alikodi chumba cha ghorofani, juu ya duka la mbao mjini Malindi, kwa siku moja tu. Watu kumi na wanne walipangwa kumwona kabla ya adhuhuri. Swabra alizipanda ngazi kwa makalio, kipandio kimoja baada ya kingine, mama yake, Saleha, akimshikia buibui lisifunuke.

Kwenye benchi walikuta wanaume watano. Mmoja wao, mwendesha bodaboda wa Ganda aitwaye Kahindi, aliyefungwa mkono shingoni, alisogea akawapa nafasi. Akasema hii ni mara ya tatu anauonyesha mkono huu. Umeshatazamwa na watu wengi kuliko bibi harusi. Saleha alicheka kidogo. Swabra hakucheka.

Ulikuwa umepita mwaka na miezi minne tangu gari la watalii liache njia na kumfuata kando ya barabara, alipokuwa akikaanga viazi karai. Alitiwa chuma pajani. Sasa karibu na nyonga palikuwa pakitoka usaha, na hospitali ilisema chuma kitolewe upesi, la sivyo mguu wote utaharibika. Pesa za kukitoa zilikuwa ni za fidia ya kesi aliyofungua dhidi ya bima ya gari lile, hapakuwa na nyingine. Yaseen, karani wa wakili wake, alimweleza polepole kama anayemsomesha mtoto: bima ina haki ya kumleta daktari wake, atakachoandika ndicho hakimu atakachosoma, na asipokwenda kesi itatupwa.

Asubuhi Saleha alikuwa amemfukizia nguo udi. Akamwambia aache mkongojo nyumbani na ajikaze. Asimwingilie mtu mkubwa akijiburura kama ombaomba.

Waruguru, karani wa daktari, aliita jina lake. Mama hakuruhusiwa kuingia. Swabra akamwomba Waruguru kwa sauti ndogo akae naye karibu, maana jeraha liko pahali pa aibu.

"Mimi ni wa mafaili, dada. Mimi si nesi," Waruguru alisema, akarudi kwenye kimeza chake pale mlangoni.

Kutoka mlangoni hadi kwa daktari palikuwa na hatua saba. Swabra alizipiga zote ameuma meno, mgongo wima, jasho likimchuruzika chini ya mtandio. Daktari alikuwa ameinua macho mara alipoingia. Aliitazama miguu yake tangu hatua ya kwanza hadi ya mwisho, kisha akaandika mstari mrefu.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Hutumii mkongojo?"

"Natumia, nyumbani."

"Hapa umekuja nao?"

"Mama ndiye aliyeniambia..."

"Nimeuliza umekuja nao au hukuja nao."

"Sikuja nao."

Akaandika. Akauliza kama bado anakaanga viazi. Swabra akasema hawezi, kazi ile ni ya kusimama.

"Na sasa hivi umefanya nini?"

Swabra aliitazama karatasi ya daktari. Shuleni aliachia darasa la sita, na maandishi yale ya Kiingereza hakuyajua, lakini aliona ukurasa unavyojaa.

"Jeraha liko wapi?"

"Nyongani."

"Fungua nione. Au niandike umekataa kuchunguzwa. Kwangu yote sawa."

Aligeuka. Mlango ulikuwa wazi, na magoti ya wanaume wa benchini yalionekana. Akamwomba Waruguru aurudishie. Waruguru akajibu kwamba feni imeharibika, wakifunga watakufa kwa joto.

Swabra alisimama akifikiria neno lile, kukataa, jinsi litakavyosomwa mbele ya hakimu. Kisha akajisogeza pembeni, uso akauelekeza ukutani. Akapandisha buibui, akapandisha gauni, akapandisha shimizi hadi kiunoni. Bandeji ilikuwa imegandamana na ngozi. Akaibandua kwa kucha, kidogo kidogo. Harufu ikatoka hata yeye mwenyewe akaisikia. Nje, kwenye benchi, mazungumzo yalikatika.

Akangoja. Nyuma yake kalamu ilikuwa ikienda. Akasikia karatasi ikigeuzwa, halafu muhuri ukigongwa.

"Daktari," alisema, "ni hapa."

"Nimeshamaliza. Waruguru, lete anayefuata."

Swabra alibaki vilevile ukutani, nguo zimekusanywa mkono mmoja, bandeji mkono wa pili, akingoja mtu aje atazame.