Hema la Mwezi wa Sita

Asumpta, mjukuu wangu, alitandaza ramani ya njia ndefu ya milimani juu ya meza. Alikuwa anapanga kutembea kipande chake kimoja mwezi wa sita, alale hemani.

"Nakwenda na Bibi," akasema.

Moyo ukaniruka kwa furaha. "Nitavaa viatu gani?"

"Si wewe! Bibi Veneranda, anayekaa mjini Markham."

"Mama wa baba yako? Yule anayepanda gari kwenda duka la hapo mbele?"

"Yeye aliomba, Bibi. Wewe ulisema kutembea bila shughuli ni wazimu."

Nilisema, kweli. Kwetu Mgeta tulipanda milima na mizigo kichwani. Lakini nilipomfikiria Veneranda akijifunika blanketi moja na mtoto niliyemlea mimi, chai ilinishinda.

"Hema linatosha watu wangapi?"

"Watatu, kwa kubanana."

"Basi mimi nalala katikati."