Mgeni Asiye na Jeraha

Saa ya kuwaona wagonjwa, fundi cherehani aliingia wodi ya majeraha ya moto na chupa ya uji. Alimkuta mdogo wake kitandani, mikono yote miwili imefungwa bandeji. Kwenye kiti cha wageni alikuwa ameketi mdogo wake huyohuyo, mzima, na aproni ya kazini kiunoni.

"Huyo ni wa wiki iliyopita," nesi alisema huku akibadilisha dripu. "Wengi hapa hutembelewa na wao wenyewe wa kabla ya moto. Mradi asikalie kitanda."

Yule wa kwenye kiti alikuwa na macho mekundu. "Dada, silali," alisema. "Nabandika mafuta jikoni, nasahau hata niko wapi. Si nilikwambia?"

Alimwambia kweli, na dada mtu akamjibu aache kujiendekeza. Sasa moyo ulimwenda mbio kwa furaha. Wiki iliyopita ilikuwa imekaa mbele yake, haijaungua! Huyu akitibiwa leo, yale mafuta yaliyomuunguza hayatamwagika.

"Inuka, mdogo wangu, twende."

Akaushika ule mkono mzima, wakatimka koridoni kama watoto waliosikia kengele ya mapumziko. Mdogo mtu alianza kucheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi. Yule wa kitandani naye alicheka, wakamsikia mpaka kwenye ngazi.

Karani wa kliniki ya afya ya akili alikuwa mtu mpole. "Daktari yupo, tena hodari," alisema. "Ila anaona waliolazwa tu. Hebu kunja mikono ya shati, dada." Akaitazama mikono ya mdogo mtu, akaibonyeza kidogo. "Huna jeraha. Ukishaungua njoo, hutakaa foleni."

"Ameshaungua," fundi alisema. "Yuko wodini, kitanda cha dirishani."

"Yule ataonwa kesho. Huyu bado."

Mdogo mtu akashusha mikono ya shati, akatazama saa ya ukutani. "Nachelewa zamu," alisema. "Mafuta bado sijabandika."

Dada alimng'ang'ania hadi getini. Pale ule mkono wa mdogo wake ukaanza kupata joto, ukazidi, mpaka akashindwa kuushika.

Aliporudi wodini, yule wa kitandani alikuwa amejiinua kwenye mto, uso umechangamka. "Wamekubali kutuona?"

Dada alikipuliza kiganja chake.

"Wewe, ndiyo," alisema.