Fundi wa Karani Phocas

Karani Phocas Twagirimana wa tribunali, yaani mahakama, ya Gisenyi alikuwa radhi aonekane mlevi kuliko aonekane na mikono michafu. Msimcheke, miaka ile ya hamsini ndivyo mambo yalivyokuwa. Ulevi ulikuwa ajali tu, hata padri aliusamehe. Lakini karani mwenye grisi kwenye kucha, lo! Huyo alihesabiwa amerudi porini, na wenzake wasingemkaribisha tena kwenye Serkle, chama chao cha watu waliosoma, ambako kila Jumapili walifunga tai na kusomeana magazeti ya miezi miwili nyuma.

Sasa Serkle ilikuwa inachagua rais, na Phocas aliutamani urais ule kama mjamzito anavyotamani udongo. Nafasi alikuwa nayo, kwa sababu moja tu: alikuwa na gari. Mwanachama mwingine mwenye gari hakuwepo. Lilikuwa kuukuu, aliachiwa na Mgiriki mmoja aliyehama, lakini gari ni gari. Ubaya wake, lilikuwa linalia. Vumbi jeusi la volkano la barabara zetu lilikuwa limeingia kila penye maungio. Bawaba za milango zilikauka, springi zikakauka, usukani ukakauka. Mlango ulipofunguliwa ulipiga kelele kama mbuzi anayechinjwa. Watoto wa Rugerero, mtaani kwake, walikwisha kulipa jina: Mbuzi. Haya, niambieni, rais gani atateremka kwenye Mbuzi?

Mtasema, si angempelekea Kadiri? Kadiri alikuwa fundi wa magari na kazi aliijua, sikatai. Ila mdomo wake haukuwa na breki. Angeona kiti cha nyuma kimefungwa kwa kamba za mgomba, na kabla ya adhuhuri soko zima lingejua.

Basi Jumamosi asubuhi karani akavua viatu, akavaa ovaroli mbovu, akachukua pampu ya grisi na kichupa cha mafuta ya cherehani, akajipenyeza chini ya gari. Kazi ilibidi ifanyike mbele ya nyumba, maana nyuma palikuwa na mawe matupu, na njia ya sokoni ilipita hatua kumi tu kutoka hapo. Ndipo akili ya kikarani ilipofanya kazi. Mkewe Languida alivalishwa nguo za misa, akapewa mwamvuli, akaambiwa asimame kando ya gari amsimamie "fundi". Wapita njia wangeona miguu mitupu tu, na miguu mitupu ya karani Phocas nani alikuwa anaijua?

"Utasema maneno mawili tu," alimwagiza. "Fundi, fanya haraka. Na, fundi, usiharibu mali ya Monsieur. Basi."

"Ndiyo, Monsieur," akasema Languida. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa hana jibu lingine. Kumwita Baba Modesta, kwa jina la binti yao wa kwanza, alikwisha kukatazwa, eti ni ushamba.

Kule chini Phocas akaanza kazi. Alikwangua tope lililoganda kwa kijiti, akafuta kwa kitambaa mpaka chuma kikaonekana, akabana pampu. Grisi ya zamani ikatoka nyeusi, yenye mchanga, kisha ikaja mpya, laini, ya manjano. Akahamia maungio mengine. Nitawaambia jambo ambalo yeye mwenyewe asingelikiri hata mbele ya padri: alikuwa anafurahi. Tangu aanze kushika kalamu hakuwahi kufanya kitu kikamtii hivyo.

Wa kwanza kusimama alikuwa Nyirahabimana, muuza samaki wa Rubona, na beseni lake kichwani.

"Yewe, Madame Languida! Mumepata fundi?"

"Tumepata. Fundi, fanya haraka!"

Phocas akatabasamu. Alifikiri mambo yameisha hapo.

"Lakini ni fundi ya namna gani, mama!" Languida akaendelea. "Muvivu! Anaamuka wa mwisho. Anakula maharagi yangu sahani mbili, asante hajui. Na anakoroma."

"Anakoroma? Kwani analala hapa?"

"Akiingia tu chini ya kitu, analala," Languida akajibu upesi.

Phocas akamchoma kifundo cha mguu kwa ncha ya pampu. Languida akaupiga teke ule mguu mtupu uliochomoza. "Tulia, fundi! Usiharibu mali ya Monsieur!" Nyirahabimana akacheka mpaka samaki wakatikisika kwenye beseni, akaenda zake.

Karani alikuwa anatafuta namna ya kumkaripia mke bila kutoa sauti, mara akaona viatu. Viatu vya kahawia, vimepakwa rangi, kamba zimefungwa sawasawa. Vilikuwa vya mwalimu Sebahire, rais anayeondoka, mtu ambaye akisema ndiyo Serkle nzima inasema ndiyo.

"Bonjour, Madame. Monsieur Phocas iko?"

"Ameenda ku tribunali."

"Ah bon. Na huyu?"

"Fundi."

"Voilà! Mutu ya heshima hashikaka grisi." Sebahire akakohoa kidogo. "Donc, Madame, nimekuja kwa kazi. Kesho tunachagua rais, na rais lazima akuwe muzuri hata nyumbani. Tunaulizaka mabibi. Ukisema kuna kitu mubaya, mi namukata jina leo. Niambie kweli: bwana yako iko namna gani?"

Phocas akatega sikio. Miaka mitatu ya kununulia watu bia, na sasa yote yamening'inia kwenye ulimi wa Languida!

"Monsieur?" akasema Languida, polepole. "Monsieur hana kosa."

Alhamdulillahi, angesema Phocas kama angekuwa Mwislamu.

"Lakini huyu fundi," Languida akasema, na sauti ikabadilika. "Mwalimu, nikimuona huyu fundi ninajiuliza bibi yake anaishi namna gani. Anamufulia, anamupigia pasi, anamuzalia. Siku anazaa mutoto wa nne, huyu alikuwa anatafuta tai. Tai, mwalimu! Na hata siku moja hajamuuliza: umechoka?"

Pampu ikakwama mkononi mwa Phocas. Tone la grisi likamdondokea jichoni, na jicho likaanza kutoka machozi. Mpaka leo husema ni grisi.

Kama Sebahire angekuwa mtu wa kawaida, angeaga. Lakini mwalimu ni mwalimu. Akainama kidogo, akagonga bodi ya gari kwa fimbo.

"We fundi! Umesikia Madame? Uko na bibi?"

"Ndiyo, bwana," Phocas akajibu, akiikoroga sauti kama mkulima wa Busasamana mwenye mafua.

"Unamuulizaka kama amechoka?"

Kutoka, hawezi. Kukataa, mwenye habari yote amesimama pale na mwamvuli.

"Hapana, bwana."

"Aibu! Leo utamuomba samahani. Bon, jaribu sasa, nisikie. Fanya kama Madame ndiye bibi yako."

Mungu wangu! Karani wa tribunali, aliyewahi kusoma hukumu mbele ya machifu bila kutetemeka, alilala pale chali akitafuta neno la kuanzia. Aliviona mbele yake viatu vya misa vya mkewe, na juu yake soksi iliyoshonwa kisiginoni kwa uzi wa rangi nyingine. Hakuwa ameiona siku zote hizo.

"Nisamehe, mama," akasema, na ile sauti ya mafua ikamponyoka. "Sikukuuliza. Umechoka?"

Languida akaushusha mwamvuli.

"Nimechoka," akasema Languida. "Nimechoka sana."

"Très bien!" Sebahire akapiga makofi mawili, kama yuko darasani. "Unaona, Madame? Hata mushenzi anafundishika. Ah, wote wangekuwa kama Monsieur Phocas!" Akavua kofia, akaenda, na viatu vyake vikapotea upande wa soko.

Kesho yake Phocas alichaguliwa kwa kura zote. Akatoa hotuba ndefu juu ya ustaarabu wa nyumba ya mtu aliyesoma, na Sebahire akaitikia kwa kichwa kila sentensi. Akarudi na gari lisilotoa hata mlio. Akafunga mlango taratibu, akaingia ndani, akakaa mezani na tai yake.

"Nimekuwa rais," akasema.

"Félicitations, Monsieur." Languida akamwekea maharage.

Rais akala sahani ya kwanza, akasogeza sahani iongezwe. Languida akaijaza, akabaki amesimama na kijiko mkononi.

"Monsieur, gari itapakwa grisi tena lini?"

"Mwezi ujao. Kwa nini?"

"Ni mbali sana," akasema Languida. "Ule fundi, ni yeye mwanaume mumoja tu aliniuliza kama nimechoka."