Kitufe Kisicho na Jina

Doreen alipanda hadi kijiji cha Lufingo kufuata picha tu. Ndiye aliyetengeneza tovuti ya ushirika wa wakulima wa parachichi, na kwenye ripoti ya kukabidhi kazi aliandika kwamba imejaribiwa na watu wasioona. Hakuna aliyeijaribu. Sasa Beatrice, katibu wa ushirika, alitaka picha ya asiyeona akiitumia, ya kuambatanisha na ripoti, na Doreen akamkumbuka Mwalimu Ambilikile, aliyemfundisha hesabu darasa la tano kabla presha ya macho haijampofusha.

Mwalimu alimpokea kwa furaha, akamwita mkewe, Alinanuswe, aje amwone mwanafunzi wake. Kisha akatoa simu yake, ile inayomsomea kwa sauti kila anachogusa, akaifungua tovuti. Doreen akaandaa kamera.

"Kitufe kisicho na jina," simu ikasema. Mwalimu akasogeza kidole. "Picha. Kitufe kisicho na jina. Kitufe kisicho na jina."

Doreen akashusha kamera. Vitufe vyote alivipamba kwa alama nzuri za kutazama, bila kuviwekea hata neno moja ambalo simu ingelisoma.

"Hapa ndipo nilipokwama mwezi wa pili," Mwalimu akasema. "Nilitaka kujiandikisha nipate miche. Nilihangaika siku mbili nzima. Nikajua ni uzee, vidole havijui tena."

Alinanuswe akaeleza kwamba alimsihi aende ofisini kuuliza, akakataa. Aliona aibu kuonekana hawezi kitu ambacho wenzake wanakimaliza kwa dakika moja. Miche iligawiwa, wao wakakosa.

Doreen akajikuta anasema huenda mtandao ulikuwa chini. Mwalimu akaafiki haraka, kama mtu aliyetuliwa mzigo, kisha akamweleza mkewe kwa Kinyakyusa kwamba binti huyu tangu mdogo hakuwa mtu wa kubahatisha. Kila hesabu aliipitia mara mbili kabla ya kuleta daftari.

Hilo ndilo lililomshinda Doreen.

"Mwalimu, si mtandao. Wala si vidole vyako. Ni mimi. Niliandika kwamba wasioona wameijaribu, na sikumwita hata mmoja."

Alinanuswe, aliyekuwa akimenya ndizi, akaacha kumenya.

"Nisomee ulivyoandika," Mwalimu akasema.

Doreen aliitafuta ripoti kwenye simu, akaanza. Zilikuwa sentensi nne. Sauti ilimkatika kwenye ya pili, na Mwalimu akamwambia airudie, vilevile kama zamani darasani. Akairudia akiwa ameinamisha kichwa. Mwalimu hakuweza kumwona, ila mkewe alimwona, na hakuyaondoa macho yake mpaka mwisho.

Doreen akampigia Beatrice palepale, akamwambia ripoti ile ina uongo na kwamba ataandika nyingine. Beatrice alikata simu bila kuaga.

Mwalimu akagusa kioo cha simu yake juu kabisa. "Hiki cha kwanza," akauliza, "kinafanya nini?"

Doreen akatoa kalamu akiandikie jina.